Mbeta Mbili

Nifunge kitambaa machoni, unipe kikombe,
nitakwambia mlanzi wake umesimama wapi.

Huu ni wa Kidabaga. Umechelewa kuumuka
kama watoto wa kule wanavyochelewa kutoka kitandani mwezi wa sita.
Udongo mwekundu, mzito, unaong'ang'ania jembe;
ukungu hauinuki mpaka saa nne,
na mlanzi hunywa polepole, hutoa polepole:
tone, kisha kimya, kisha tone.
Asubuhi ni mtogwa, mtoto anywe aende shule.
Kesho yake bado ni mtogwa.
Siku ya tatu ndipo unapokumbuka kuwa ni pombe.

Huu mwingine ni wa Ilula, huku nilikoolewa,
changarawe na jua, jirani na nyanya za watu.
Umegemwa alfajiri; saa sita povu limesukuma kizibo cha majani,
jioni ni mkangafu,
wanaume wanadaiana ng'ombe waliokufa zamani.

Wahenga walimlaumu mgema:
akisifiwa, tembo hulitia maji.
Hawakufika kwetu mwezi wa tatu,
mvua inapomtangulia mgema kazini,
na Lwidiko anakuta mbeta imejaa
mawingu nusu, nyuki wawili,
na utamu uliokonda.
Hapo utamlaumu nani?

Mwaka ule wa ndoa nilishuka na kisiki cha mlanzi wa kwetu,
nimekiviringa kwa gunia lililolowa,
nimekipakata juu ya lori la viazi.
Nilitaka kunywa nyumbani nikiwa ugenini.
Kilishika. Kikachipua. Masika ya tatu
Lwidiko akakata ncha, akaiinamisha, akafunga mbeta,
nami nikakaa chini yake kama anayesubiri barua.

Ulikuwa wa Ilula.
Mkali, wenye haraka, unaokwaruza koo mwishoni.
Mama mkwe, Alatanga, alicheka akashika mbavu:
"Ulidhani mti unakunywa kumbukumbu?"

Nilinuna siku mbili.

Mwaka huu dada yangu ameshuka kununua vitunguu.
Tumebishana kuhusu nauli, kuhusu shamba la baba,
kisha akanyamaza, akanitazama:
"Siku hizi unasema mbiombio,
na unamaliza maneno kwa ukali."

Nikamjazia kikombe
kutoka kwenye kile kisiki.
Sikumwambia.