Chujio

Isevya, saa nne usiku, umeme umerudi.
Mezani chupa kumi na saba za asali
na jedwali lenye safu tupu: Rangi. Mti. Msimu. Ujazo.
Duka la ushirika liko mtandaoni tangu Jumatatu,
na jana mteja wa Dodoma alitafuta asali nyeusi,
akajibiwa: Hakuna kilichopatikana.

Ipo. Ipo debe zima, nyuma ya mlango wangu.
Ila Kalunde aliiandika "kahawia iliyoiva",
Mihambo akaandika "brauni",
nami kwa usingizi, "kama chai ya rangi".
Asali moja, majina matatu,
na mteja anabisha kwa jina la nne.

Basi nachagua moja, Nyeusi, likae juu.
Mengine sifuti. Nayalaza chini yake, kimya,
ili abishaye kwa lolote
afunguliwe mlango uleule.

Ujazo nao una vita yake.
Lita ya asali, ukiipandisha mizani,
inakaribia kilo moja na nusu;
Mihambo anauza kwa lita, Kalunde kwa kilo,
na mashine haijui kwamba wanazungumzia kibuyu kimoja.

Mti? Nampigia Kalunde, yuko Ipole.
"Nyuki hawakuniachia risiti," anacheka.
"Andika muyombo."
Na mtundu?
"Na mtundu. Kwani walikatazwa?"
Nairekebisha safu ikubali tiki mbili.

Imebaki ya kumi na saba: ya nyuki wadogo wasiouma,
nyepesi, chachu, inakunja uso kama ukwaju.
Nimwekee safu nzima, Ladha, chupa moja tu?
Safu zikizidi, mteja hupotea humohumo tulimomwelekeza.

Mama alichuja kwa kitambaa cheupe cha shuka kuukuu.
Nta, mbawa, kijiguu cha nyuki, vilibaki juu,
na sisi watoto tuligombania kulamba kitambaa,
si bakuli.

Harufu ya moshi haina safu.
Wala kope la Mihambo lililovimba Juni yote.

Saa saba. Najaribu kama mgeni:
Nyeusi, tiki. Juni, tiki. Lita moja, tiki.
Zinabaki mbili, zimesimama wima, zinaonekana.
Naondoa tiki zote, nashuka hadi chini kabisa,
na pale, katika safu niliyosema sitaiweka,
Chachu,
na pembeni yake, ndani ya mabano,
moja.