Kona ya Kaskazini

Mwaka wa gesi nilichimba msingi Mangamba,
vyumba ishirini na vinne vya wageni,
na wageni, enzi zile, walizidi vitanda.
Hata banda la kuku la Mzee Nampoto lilipangishwa
kwa mtu wa mabomba, akalipa miezi sita mbele;
kuku wakahamia jikoni.

Kabla yetu palikuwa na mikorosho kumi na mmoja.
Tuliimaliza kwa siku mbili.
Utomvu uliganda kwenye panga, nikaukwangua kwa kucha,
nikasema: mti haulipi kodi.

Kisha wenye mabomba wakaondoka.
Simu ya tajiri ikawa haipatikani.
Nondo zikabaki wima zikingoja ghorofa,
kama watoto walionyoosha vidole darasani
na mwalimu keshakwenda likizo.

Desemba ikanyesha.
Niseme leo nililolifukia miaka yote:
kona ya kaskazini haikukaa mraba.
Kamba iliniambia, inchi mbili,
nikamwaga zege juu ya maneno yake.
Pale ndipo lilipopasuka,
pale ndipo maji ya mtaa mzima yalipoona mlango.

Wakaja vyura, sijui kwa barabara ipi.
Mwaka wa pili, matete; aliyeyapanda hajulikani.
Mwaka wa tatu kwera wakafuma vikapu kwenye nondo zangu,
bila timazi, bila pima maji,
na sikuona hata kimoja kilichokwenda upande.

Watu nao hawakukunja mikono.
Bi Somoe Lipala aliteka ndoo moja, kisha mbili,
kisha matuta ya mchicha yakafika uzio wa shule.
Vijana wakaosha pikipiki humo,
mafuta yakatandaza rangi zake, nzuri, zenye kunuka.
Wako waliotupa taka usiku na asubuhi wakalalamikia harufu.
Zawia, mjukuu wa Bi Somoe, alilazwa Ligula siku tisa.
Malaria. Nilimpelekea machungwa,
sikuweza kumtazama bibi yake usoni.

Manispaa wakaja na dawa, wakapuliza.
Usiku ule sikupata usingizi.
Nilijigeuza, nikafungua dirisha, nikalifunga,
mpaka alfajiri ndipo nikajua ninachokikosa:
kumbe miaka yote vyura ndio walionibembeleza.
Mbu walirudi baada ya wiki tatu.
Vyura, miaka miwili.

Bi Somoe hakungoja kikao.
Alipanda gari la Kitere, akarudi na perege wadogo
kwenye ndoo ya rangi iliyofunikwa kanga,
akiwasemesha njia nzima, kondakta akacheka.
Wenye pikipiki aliwafukuza kwa mwiko.
Siku hizi mbu hawajaisha, nisidanganye,
ila Zawia anawajua perege kwa mapezi,
na mdiria mmoja amejimilikisha nondo ndefu kuliko zote.
Tukipita karibu na matete tunashusha sauti.
Hakuna tangazo. Tumezoea tu.

Juzi simu ikalia. Tajiri, sauti imekauka.
"Fundi, msingi bado upo?"
Upo, nikasema.
"Nipe makadirio. Kutoa maji, kufyeka, tuanze upya."

Nikaenda na mkanda, nikavua viatu.
Perege wakanidonoa vifundo, wakidhani nimeleta makombo.
Nikapima pande tatu.
Kwenye kona ya kaskazini chura alikuwa ndani ya ufa,
umemkaa kama nguo ya kushonesha.
Inchi mbili.

Karatasi iko mezani tangu Jumanne.
Pampu, nimeandika. Dizeli, nimeandika.
Vibarua sita, chakula chao, nimeandika.
Mstari wa mwisho nimeandika "kona",
na mbele yake, pale panapotakiwa bei,
kalamu imesimama muda mrefu mno.
Wino umetoa doa,
doa linatambaa.