Lesi Isiyo na Fundi

Saa nane za usiku, Trieste.
Upepo wa mji huu huitwa bora, na hauna ubora wowote:
unatikisa vibao vya maduka, unalaza pikipiki
moja baada ya moja kando ya barabara.
Nives Kocjančič hajali pikipiki.
Anajali sindano yake
iliyosimama juu ya dhahabu bila kuigusa,
kwa umbali mwembamba kuliko chochote
alichowahi kukiita chembamba.

Ndani ya chungu cha chuma hakuna hewa.
Siku tatu ameisafisha dhahabu,
ameipiga kwa ioni, ameichoma, ameipoza,
mpaka uso wake ukaota mistari kama mifupa ya samaki.
Kisha akapasha moto asidi, unga mweupe
mchache kuliko chumvi ya yai moja,
ukapaa, ukatua.

Akangoja.

Sasa kioo kinachora mstari kwa mstari,
polepole, kama mtu anayekumbuka:
molekuli zimeshikana mikono,
hidrojeni ikiita, oksijeni ikiitika,
vyumba vya pembe sita, ukuta kwa ukuta,
sega zima, na nyuki hayupo.

Nani kazipanga? Hapana nyapara,
hapana kamba ya kupimia.
Kila moja ilitangatanga juu ya dhahabu,
ikagusa jirani, ikaachia, ikagusa tena,
hadi ikapata pa kutulia.
Joto ndilo lililozisukuma,
na joto halijui ramani.

Anamkumbuka bibi yake kule Idrija,
mto wa majani makavu mapajani, pini mia nne,
vijiti vikigongana ta-ta-ta,
midomo ikihesabu.
Akikosea tundu moja, atafumua hadi chakula kipoe.
“Lesi haijisuki,” alikuwa akisema,
na mjukuu akaamini,
kama tunavyowaamini wanaotulisha.

Kule kushoto kuna pengo:
molekuli moja haipo.
Nives anainua kalamu,
mara bora inapiga dirisha, jengo linatetemeka,
picha inakwaruzwa mistari saba ya fujo.
Anatukana kwa Kislovenia,
lugha ya matusi yake mazuri.

Picha inayofuata, pengo limezibwa.
Limefunguka jingine, vyumba viwili juu.

Anaandika daftarini:
saa nane na dakika arobaini na saba, pengo limehama.
Anakata.
Anaandika upya, kwa herufi ndogo:
zinafumua, bibi. Nazo zinafumua.