Tikiti za Kuku

Kuku mia moja na kumi na wawili.
Nimewahesabu mara mbili, mara ya pili kwa kidole,
wamelala kwenye beseni la kufulia,
ndimu na kitunguu saumu vimewaingia hadi mfupani.
Ni saa kumi na moja alfajiri hapa Luque
na mkaa bado unanifanyia kiburi.

Tikiti moja guarani elfu ishirini na tano.
Robo kuku, muhogo, kachumbari.
Nyuma yake Celsa ameandika kwa wino mwekundu:
KWA AJILI YA DERLIS, KITANDA CHA TISA.
Hakuandika habari za dawa ya usingizi
inayomzuia asipigane na mrija,
inayouzwa duka linalotazamana na hospitali
kwa bei inayopanda kila jioni kama homa.

Kaka yangu ni mwoka mikate. Miaka arobaini na sita.
Wizara ilisema waokaji si kundi la kwanza.
Kisha ikasema kundi la kwanza lenyewe lisubiri.
Mama, themanini na moja, alijiandikisha mwezi wa pili.
Simu ikamjibu kwa adabu: Ombi lako limepokelewa.
Tangu hapo analala nayo chini ya mto,
akihofia isije ikalia yeye yuko usingizini
na zamu ikapita kama muuza maziwa.

Ndege ilikuja, ndiyo. Tuliiona kwenye televisheni.
Mawaziri watatu, zulia, bendi ya jeshi,
na kreti moja, ikisukumwa na kijana mmoja,
kwa mkono mmoja.
Mjomba Eligio, aliyekuwa karani wa ghala,
akachukua penseli, akagawa dozi kwa watu,
akagawa tena akidhani amekosea,
akafuta hadi karatasi ikatoboka.
"Kwa mwendo huu," akasema, "nitachanjwa
nikiwa na miaka mia moja na kumi na mitatu.
Niwekeeni shati la siku hiyo."
Tulicheka. Mwezi wa tatu tulikuwa bado tunacheka.

Ngoja ngoja huumiza matumbo.
Hii yetu imepanda. Iko mapafuni.

Ijumaa usiku nilikwenda mjini na sufuria.
Niligonga hadi mwiko ukavunjika mpini.
Mbele yangu muuguzi, sare bado mwilini,
ameshika kipande cha boksi: NIMECHOKA KUFUNGA ZIPU.
Hakupiga kelele. Hakugonga chochote.
Polisi walipotupa mabomu ya machozi
ndiye aliyetuonyesha namna ya kuosha macho.

Saa tano, foleni ya kuku imefika kona.
Kila mtu na kikombe chake, na mrija wake.
Sisi, tuliozungusha tereré mtaa mzima kwa mrija mmoja,
leo tunakunywa kama wageni waliokutana stesheni.

Ndipo akaja Don Rigoberto wa duka la matairi.
Amerudi juzi kutoka Mayami. Shati jipya, la mikono mifupi,
na juu ya mkono plasta ndogo ya duara,
ambayo hakuna ngozi inayoihitaji baada ya siku nne.
"Dakika kumi tu," akasema, na hakuna aliyemuuliza.
"Kule wanachanja hata kwenye maegesho ya magari."
Kisha akanunua tikiti thelathini.

Nilitaka kumrudishia. Mungu anajua
koleo la moto lilikuwa mkononi mwangu.
Lakini thelathini ni siku moja ya usingizi,
siku moja Derlis asiamke akaung'oa mrija.

Nikamfungia robo thelathini, zile zilizoiva vizuri.
Nikamwongezea muhogo.
Nikasema asante, na neno lilitoka
kama mfupa uliokuwa umekwama kooni.

Mama, kwenye kiti chake mlangoni, simu mapajani,
akaniashiria nimsogelee.
"Hebu muulize," akanong'ona.
"Iliuma?"