Mbuzi wa Kamba Fupi

Jumamosi, jua la Makorora halijawa kali,
Kocha Mwanahamisi anafika na filimbi asiyoipuliza.
"Fundi, niazime mizoga yako."
Mizoga ni matairi ya baiskeli yaliyokwisha,
yale niliyoyatundika msumarini
nikijidanganya kwamba yatapata kazi.
Nampa kumi na moja.
La kumi na mbili limepasuka; nalo analichukua.

Anayatawanya uwanjani bila mstari wala kipimo,
moja huku, mawili kule, kama mtu aliyemwaga vitumbua.
Sharti lake ni moja: kila mtoto na mpira wake.
Basi wanakuja nayo, kumi na sita,
mitatu ya dukani, mmoja wa netiboli,
iliyobaki matambara yaliyokazwa kwa katani.

"Huu si mpira," anawaambia, "ni mbuzi.
Kamba yake fupi. Mpelekeni gulioni, mpite katikati ya watu.
Akiwatangulia sana, atakula mchicha wa wenyewe."

Wanakwenda. Guso, guso, guso,
vidole vya miguu vikinong'ona na vumbi.
Chande anambembeleza wake: twende baba, twende.
Tunu wake kampa jina, na hasemi ni lipi.
Mzamilu, ambaye mguu wake unajua kubutua tu,
mbuzi wake kavuka mtaro, kavuka barabara,
kafika kwa muuza kahawa na kupindua kikombe,
na uwanja mzima unapiga kelele: "Mchichaaa!"
Anacheka yeye kabla ya wote.

Kisha zamu ya kengele. Hiyo kazi yangu.
Nakaa kwenye kigoda, mkono mmoja juu ya usukani
wa baiskeli ambayo mwenyewe hajaifuata tangu Ramadhani.
Kri: unyayo juu ya mpira, simama.
Kri-kri: geuka, urudi ulikotoka.
Kri-kri-kri: badilishaneni mbuzi, na hakuna kuchagua.
Siku moja mteja alinisemesha habari za mnyororo,
nikapoteza hesabu, nikagonga nne.
Wakanitazama. Nne haikuwa na maana.
Hafidhi akakaa juu ya mpira wake kama kuku anayeatamia,
na tangu siku ile, nne ni hiyo.

Wa mwisho ni mchezo wa mwizi.
Wezi wawili, kanga za Kocha viunoni,
wanaingia kundini kupokonya.
Ukipokonywa, fukuza, uchukue mpira wako,
uzungushe matairi matatu, urudi ndani.
"Hatolewi mtu," anasema Kocha.
Anasema kila wiki, na kila wiki nasita na spana mkononi.

Mimi nilitolewa.
Darasa la pili, mwalimu alichora duara kwa majivu.
Mpira ukanitoka mara moja. "Wewe, nje."
Nikakaa nje. Nikawa muokota mipira,
hodari wa kuokota, nilisifiwa.
Kisha nikawa mzibaji wa mipira,
kisha wa matairi,
kisha watu wakaanza kuniita Fundi.

Jumamosi iliyopita nilichelewa kufunga kibanda.
Mpira wa Tunu ulikuwa kwangu, una pancha.
Nikauziba, nikauzamisha kwenye beseni:
hakuna povu.
Matairi yalikuwa bado uwanjani.
Kocha kasahau, au kayaacha makusudi, sijamuuliza.
Nikautua chini.
Guso.
Magoti yakalia kama pedali kavu.
Guso, guso. Tairi la kwanza nikalipita kwa ndani,
la pili kwa nje, la tatu likanikwaa ndala,
nikaiacha hapohapo, nikaendelea na mguu mtupu,
kamba fupi, fupi,
nikimwita mbuzi wa watu kwa jina nisilolijua.

Nyuma yangu akapita mtu wa kwenda Ngamiani,
hanijui, wala hakunitazama.
Kri-kri.

Nikageuka, nikarudi nilikotoka.