Kiporo cha Mpangaji

Kalumuna alihama usiku, kodi ya miezi mitatu mgongoni,
akaniachia ndoo, kandambili ya mguu mmoja,
na chatu ndani ya kabati la vioo.
"Shika rehani, mama," aliandika kwenye boksi la sabuni.
"Anakula kila wiki mbili. Haumi."

Hapa Tabata sijui mwingine aliyelipwa kodi kwa nyoka.
Nikamwita Mpangaji.
Jina lilikuwa limebaki wazi, mwenyewe kahama.

Mwanzoni nilimnunulia panya weupe, wazima,
kwa kijana Nzota, nyuma ya duka la chakula cha kuku.
Nikishamtumbukiza naongeza sauti ya redio,
maana panya hulia kama bawaba isiyo na mafuta.
Nilisikia hata hivyo.

Siku moja Mpangaji hakuwa na njaa.
Panya alilala naye hadi asubuhi
na akamtafuna chini ya jicho,
kidonda kama punje ya mchele.
Nilipaka asali. Nilijiona mjinga, nikapaka.

"Mpe waliogandishwa," Nzota akasema.
Basi friza yangu ikawa na nyumba mbili:
kushoto barafu za ukwaju na ubuyu, za shilingi mia,
kulia, ndani ya kopo la siagi lililofungwa kwa mpira wa baiskeli,
panya kumi, wamejikunja
kama vidole vya mtu asiyetaka kutoa hela.

Mara ya kwanza alikataa.
Nilikuwa nimemyeyusha panya kwa maji ya chupa ya chai,
nikamfuta, nikamshika mkia kwa koleo la mkaa,
nikamchezesha puani mwa bwana mkubwa
kama shangazi anayembembeleza bibi harusi ale.
Akageukia ukuta.
Mara ya pili, ukuta. Ya tatu, ukuta.
Wote watatu walikwenda kwa paka wa jirani,
ambaye hana maswali.

Kukataa nakujua.
Tangu tumzike Sefania napikia sufuria ile ile, ya watu wawili.
Kesho yake napasha, nakaa mbele ya sahani.
Chakula kina moto. Hakina mtu.

Mara ya nne umeme ulikatika.
Nikamtoa mmoja kabla hajayeyuka mwenyewe,
nikampasha kichwa zaidi ya mwili,
nikapiga magoti, mshumaa nyuma yangu.
Nilichezesha mpaka mkono ukachoka,
ukaanza kutetemeka wenyewe;
si ufundi tena, uzee tu.

Koleo likavutwa.

Nikasikia anavyojiviringisha, bila haraka,
anamkaba aliyekwisha kufa
kwa nguvu zote, asije akamtoroka.

Nilibaki sakafuni hadi alipomeza.
Kisha nikafunua sufuria: wali wa jana, maharage ya juzi.
Sikuwasha jiko.
Nilikula kwa mkono, nikakwangua ukoko.

Umeme uliporudi friza ikaguruma.
Nikaenda kuhesabu.
Barafu zimelainika pembeni.
Panya sita.