Wadi

Shinuna aliponiambia, "Kesho twende wadi,"
nilimjibu kesho sina zamu,
nimekesha siku sita na dripu na mabandeji,
wadi nimeishiba.
Akacheka hadi akashika mlango wa stoo.
"Si ya vitanda, wewe! Ya maji."

Ijumaa alfajiri tukatoka Kuriyati
kwa gari la kaka yake, Muhenna:
mtumbwi wa mpira umekunjwa kama godoro,
makafi mawili, hema lenye kiraka,
na birika ambalo mama yao alilibeba kutoka Wete
mwaka asiopenda kuutaja.

Mto uko wapi? niliuliza njia nzima.
Mawe. Mawe. Mbuzi juu ya mawe.
Kisha kona, mitende,
na maji ya kijani kama joho la chumba cha upasuaji.
Mimi ni mtu wa Pangani,
mto ninaoujua una rangi ya chai ya maziwa
na mwenyewe ni mamba.
Huu uliniacha nihesabu kucha zangu za miguu.

Nilipiga kafi upande mmoja,
tukazunguka kama nzi ndani ya kikombe.
"Kushoto!" Muhenna alilia. "Kushoto kwingine!"
Majabali yakayachukua maneno yake,
yakamrudishia moja moja, yakiwa yamepoa.

Ndani ya korongo alisimama korongo,
mguu mmoja majini, mwingine kauficha.
Nikalisema kwa sauti, nikacheka peke yangu.
Shinuna akalirudia polepole,
kwa kile Kiswahili chake cha jikoni,
alichojifunza kwa kugombezwa.

Jioni Muhenna alivua samaki watatu,
wembamba, kila mmoja kama kidole cha kati.
Ndoo ilikuwa bado inapigapiga
alipofika kijana wa hifadhi, Ghasani,
kwa miguu, soksi zimejaa miba.
Hakufoka. Aliondoa taulo zetu mbili
kwenye kibao tulichokifanya kamba ya kuanikia:
*Marufuku kuvua.*

Wawili walitoweka mara tu tulipoinamisha ndoo.
Wa tatu alilala ubavu.
Nikamshika, uso wake mkondoni,
mbele, nyuma, mbele,
nikihesabu kimoyomoyo
kama ninavyomhesabia pumzi Bi Zuwena wa kitanda cha saba.
Shavu likafunguka. Likafunga.
Likafunguka.
Akaondoka bila hata kwaheri.

"Na hema," Ghasani alisema, "lipandisheni."
Akamulika tochi juu ya vichwa vyetu:
ufa wa mwamba, na ndani ya ufa
makuti makavu, chupa, utepe wa gunia.
"Maji yalifika pale."
"Lini?"
Alipunga mkono, kama mtu anayeulizwa
wageni watakuja lini.

Tukapanda tukinung'unika, Muhenna kuliko sote,
birika kichwani.
Nikalala kando ya mto bila mto,
shingo juu ya jiwe, viganja vinawaka.
Mbali, nyuma ya milima, radi ilimulika
bila kutoa sauti,
na mimi, niliyezoea kengele,
nikaingoja sauti hiyo hadi usingizi ukanichoka.

Asubuhi maji yalikuwa yamepanda shibiri moja,
yamechafuka kidogo.
Yalichukua kandambili yangu ya kulia.
Basi.
Muhenna akasema, "Kwa kandambili tumehama?"
Hakuna aliyemjibu. Kahawa ilikuwa tayari.

Jumapili, saa moja kamili, zamu.
Bi Zuwena akanishika kiganja, akakigeuza.
"Malengelenge haya umeyatoa wapi?"
"Wadi, Bi Zuwena."
Akatazama dari, pazia, ndoo ya mfagizi.
"Hata mie niko wadi," akasema,
"mwezi wa pili huu,
na samaki sijamwona."

Nikamgeuza taratibu, uso dirishani,
mgongoni nikamwekea mto.